Mawe ya Begani

Jumapili, Machi 3

Mvua imeanza leo, saa ya chai. Daktari anaona mapafu yangu hayatafika kiangazi. Hakusema hivyo hasa. Alisema "tumwombe Mungu," nami nimeishi vya kutosha kujua maana yake pale daktari anapoanza kumtaja Mungu. Naandika kwa sababu pumzi ya kusema hunikatikia katikati ya sentensi. Mkono bado una nguvu zake.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mzee anayekufa tu, kama wazee wengine. Lakini jioni mjukuu wangu ameingia chumbani na matope hadi magotini, akaketi ukingoni mwa kitanda. Sote tunamwita Kiguu. Tangu alipojua kutembea ni kiguu na njia, na sasa hifadhi inamlipa kwa ugonjwa huohuo: ndiye mkuu wa waongozaji wa njia za miguu.

"Babu, keti vizuri kwanza. Wanaifungua Njia ya Mgongo. Na wamenipa mimi."

"Nani kawatia wazimu?"

"Ni mimi! Nimewasumbua mwaka mzima." Akacheka. "Njia yako, Babu. Nataka uione imefunguliwa ukiwa hai."

Nikamwambia nimefurahi. Alipotoka, nilimwaga maji ya dawa shukani.

Jumatatu, Machi 4

Mvua.

Alhamisi, Machi 7

Nieleze kazi yetu, maana atakayesoma haya huenda hajawahi kuvaa viatu vya mlima. Juu ya miti, mahali ambapo hakuna alama ya kupiga rangi, njia huonyeshwa kwa marundo ya mawe. Sheria ni moja: ukisimama kwenye rundo hili, lazima ulione linalofuata. Ukungu ukishuka, mtu huenda rundo kwa rundo kama kipofu anayepapasa ukuta. Wanafunzi niliwafundisha kwamba mtu anaweza kukudanganya, ramani inaweza kukudanganya, lakini rundo halidanganyi. Kiguu hulisema hilo hadi leo, na kila akilisema hutaja kwamba ni maneno ya babu yake.

Sheria ya pili: njia haifunguliwi kwa wageni mpaka iwe imepitwa wakati wa mvua, na watu wawili. Mmoja hutembea. Mwingine, penye korongo, husimama juu akiangalia maji, filimbi mdomoni. Maji ya mlimani hayapigi hodi.

Kwa hiyo Kiguu atapanda mvua hizihizi, kipande kwa kipande, akifyeka na kuyafuata mawe ya zamani. Akifika kileleni, njia imefunguka.

Leo Shemeji amekuja na supu, kama kila Alhamisi. Ni mjane wa mwenzangu wa kazi tuliyemwita Mpima. Hunilisha kwa kijiko, hunifuta kidevu, hulalamika kuhusu magoti yake, huondoka. Miaka yote hii sijawahi kumwona akichoka kunitendea mema, na sijawahi kuelewa kwa nini.

Jumatano, Machi 13

Kiguu ameyapata marundo ya chini, yote yamesimama. "Babu, ulipanga mawe kama mtu anayejenga nyumba yake!" Binti yangu, mama yake, aliyekuwa akishona sare za askari wa hifadhi sebuleni, akasimamisha cherehani na kusema mashine ile haijawahi kusifiwa hivyo, na yeye pia angependa kufa akiwa na jina.

Tukacheka sote. Nami nilicheka.

Alhamisi, Machi 14

Shemeji. Supu. Mvua haikutupa nafasi ya kusikilizana.

Jumatano, Machi 20

Sijalala vizuri. Basi niandike, hapa angalau hakuna wa kunikatiza.

Njia ya Mgongo niliibuni mimi. Nilikuwa kijana niliyesoma, mkuu wa idara kabla ya mvi ya kwanza, na kwenye picha zilizopigwa kutoka angani niliona kwamba korongo moja lingetufikisha mgongoni mwa mlima kwa nusu ya muda. Mpima alikubaliana nami mara moja, maana alikuwa mvivu wa kupanda na hakuona haya kusema. "Mkuu, njia fupi ni rehema ya Mungu," alisema. Tukapanga marundo korongoni wakati wa kiangazi. Mvua zilipokuja tukaenda kuijaribu, sisi wawili, kama sheria inavyotaka. Yeye akashuka korongoni. Mimi nikabaki juu na filimbi.

Kulikuwa na baridi. Nyuma yangu kulikuwa na mwamba wenye pango dogo. Niliingia kuwasha sigara. Niliposikia mngurumo nilidhani ni radi.

Nilipotoka, maji yalikuwa yameshapita.

Alhamisi, Machi 21

Shemeji amekuja. Leo sikuweza kuimeza supu. Akasema, "Shemeji, koo limekuwa dogo au moyo umekuwa mkubwa?" Nikasema ni koo.

Pale lango kuu kuna ubao wenye majina ya wafanyakazi waliofia kazini. Jina la mumewe halimo. Tume ya uchunguzi ilimwona ni mlevi aliyeacha njia. Mimi ndiye niliyeiambia tume kwamba asubuhi ile nilimnusa pombe. Sentensi moja tu. Mjane wake ameishi ndani ya sentensi hiyo tangu siku ile, akipita langoni kila siku kwenda sokoni.

Jumatatu, Machi 25

Kiguu amevuka mwamba mwekundu. Bado vipande viwili, kisha bega la mlima.

Alhamisi, Machi 28

Nimalizie, maana nikiendelea kuzungukazunguka nitakufa kabla ya kufika.

Watu wa tume walikuwa wanakuja siku ya tatu. Kama wangekuta marundo korongoni, wangejua kwamba Mpima alikuwa kwenye njia yangu, palepale nilipomwelekeza. Kwa hiyo nilipanda peke yangu na kuyabomoa yote ya korongoni yaliyoachwa na maji. Nikayabeba mawe hadi kwenye bega la mlima, lile linalojitokeza upande wa kushoto, nikapanga marundo mapya huko. Tume haikupanda, nani angepanda mvua ile? Walisimama chini, wakaelekeza darubini, wakaona mawe yakipita begani mbali kabisa na korongo. Wakaandika kwamba marehemu aliiacha njia kwa hiari yake. Njia ikafungwa. Mimi nikapewa pole, na baadaye cheo.

Rundo la mwisho nililijenga refu kuliko yote, ili lionekane kutoka chini. Nililiweka penye ukingo wa genge, mahali mwamba unapokatika wima, kwa kuwa hapo ndipo lingeonekana vizuri. Mbele yake hakuna njia. Haijawahi kuwapo. Ramani niliyochora inaonyesha mstari unaoendelea hadi kileleni, na ripoti yangu inasema "njia ya begani ni pana na salama." Siku yenye jua mtu ataona genge. Kwenye ukungu atafika kwenye rundo refu, atapiga hatua moja au mbili kutafuta linalofuata.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu imebakiza vipande viwili, na anayeipita ni mtoto wa mwanangu.

Jumamosi, Machi 30

Nimepiga simu ofisi ya mhifadhi mkuu. Akanijibu kijana mwenye adabu nyingi.

"Shikamoo, Mzee wetu."

"Marahaba. Ile Njia ya Mgongo msiifungue. Bega ni baya."

Nikasikia karatasi zikipekuliwa. "Lakini Mzee, ripoti tunayoitumia inasema bega ni pana na salama. Imesainiwa na… ni wewe, Mzee."

"Nilikosea."

"Haiwezekani," akasema kwa upendo. Kwa upendo kabisa. "Pumzika, Mzee wetu. Tunakuombea."

Binti yangu alikuwa mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Baba, umeanza kuwasumbua watu ofisini? Mtoto amefanya kazi mwaka mzima, na wewe unaichimba chini kwa chini. Wivu uzeeni?"

Jumatano, Aprili 3

Mvua mchana kutwa. Kiguu amepumzika, ameoka viatu vyake mbele ya jiko mpaka nyumba yote imenuka mguu.

Nilimwita. Nikamwambia asipite begani.

"Kwa nini, Babu?"

"Kuna genge."

"Mlima mzima ni magenge. Ndiyo maana ulipanga mawe."

"Huyaamini maneno yangu?"

"Nayaamini. Ya wakati ule." Akanishika mkono. Nikaona machoni mwake kitu ambacho sijawahi kukiona hapo kabla: alikuwa akinihurumia. Mtu akishakuhurumia, hakusikilizi tena. "Unaniogopea tu. Mama kasema siku hizi usiku unaongea peke yako."

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na pumzi ya sentensi tatu, labda nne. Badala yake nikamwomba anifunike miguu.

Alhamisi, Aprili 4

Shemeji amekuja. Amekaa muda mrefu kuliko kawaida, akinitazama. Nilijifanya nimelala.

Jumanne, Aprili 9

Kipande kimoja kimebaki kabla ya bega. Kiguu anasema begani atakwenda wiki ya mwisho ya mwezi, mvua zikiwa zimekomaa. Basi nina wiki mbili. Nitamwambia Jumapili, akiwa ametulia.

Jumapili, Aprili 14

Sikumwambia. Kulikuwa na wageni.

Jumanne, Aprili 16

Sikumwambia. Mvua imepiga bati mpaka nikashukuru.

Ijumaa, Aprili 19

Jana sikuweza kuandika. Nitaandika leo kadiri mkono utakavyoruhusu, na kama herufi zimepinda, anayesoma anisamehe hilo, hata kama hatanisamehe mengine.

Jana asubuhi dirisha lilikuwa jeupe. Ukungu ulikuwa umefika hadi kwenye kamba ya nguo. Binti yangu alikuwa amekwenda kupeleka sare langoni. Shemeji alikuja na supu yake, akatikisa mwavuli mlangoni, akasema, "Siku ya kulala hii, si ya kutembea. Na yule mwenda wazimu wenu nimekutana naye alfajiri, yeye na mwenzake mmoja. Kasema mvua imekuwa nzuri ghafla, anakwenda begani leo leo."

Sikumwelewa. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Sebuleni kuna redio ya upepo. Hifadhi ilimpa Kiguu, na akiwa mlimani yeye hubeba ya mkononi. Kutoka nyumbani haimfikii. Inafika kituo cha langoni tu, kwa mtu wa mitambo tunayemwita Kasuku. Kazi ya Kasuku ni kupokea maneno na kuyarudisha hewani, neno kwa neno, ili vituo vyote vya mlimani vipate. Ndipo jina lake lilipotoka, na pia kwa sababu hanyamazi.

"Shemeji, nisimamishe."

"Usimame uende wapi?"

"Kwenye redio."

Aliweka sufuria chini. Akapitisha mkono kwapani mwangu. Yeye ana magoti mabovu, mimi sina mapafu. Tulivuka ule ukumbi kama mende aliyekanyagwa. Nilipofika kwenye meza sikuweza kukaa, kifua kilikataa kukunjwa. Akanishikilia kwa nyuma, nimesimama, kifua chake mgongoni mwangu.

"Langoni, langoni. Hapa nyumbani kwa Kiguu."

"Nani huyo anapumua kama treni?" Kasuku akacheka. "Mzee! Shikamoo!"

"Marahaba. Mwambie Kiguu asimame."

"Kiguu yupo begani, Mzee, ukungu umeshammeza. Haya." Sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazi. "Kiguu, Kiguu, Babu yako anasema simama."

Nilisikia mlio wa hewa. Nilihesabu pumzi zangu, maana ndizo nilizokuwa nazo.

"Mzee, amejibu. Anasema usiwe na wasiwasi, yupo na mwenzake, wanaenda taratibu. Anasema leo haoni hata kidole chake, lakini mawe yako ndiyo macho yake."

"Mwambie arudi."

"Kiguu, Babu anasema rudi… Anauliza arudi kwa nini, wakati rundo lingine linajitokeza mbele. Anasema ni refu kuliko yote aliyoyaona. Anakusifu, Mzee!"

Hapo nikajua kwamba uongo mdogo wowote ningeutumia sasa hautatosha. Ningesema kuna chui, angecheka. Ningesema naumwa, angeharakisha amalize ndipo ashuke. Kitu kimoja tu kingemzuia mjukuu wangu asiliamini rundo langu la mawe.

"Sema hivi," nikamwambia Kasuku. "Mawe ya begani ni ya uongo."

Redio ikakwaruza.

"Mzee?"

"Niliyahamisha kutoka korongoni. Mimi. Baada ya kufa Mpima. Mbele ya rundo refu ni genge."

Kasuku hakuwa anacheka tena. "Mzee, niseme hivyohivyo? Vituo vyote vinasikia."

"Hivyohivyo."

Akasema. Kila neno. Nimehubiri darasani miaka mingi, nimesoma ripoti mbele ya wakubwa, lakini sikuwahi kusikia maneno yangu yakiwa wazi namna ile, yakitoka katika mdomo wa mtu asiyehusika. Alipofika kwenye "baada ya kufa Mpima," nilihisi mikono iliyonishika ikikaza.

"Anasema…" Kasuku akasita. "Anasema Babu amechanganyikiwa. Anasema ripoti inasema ni salama, na Mpima alilewa."

"Ripoti ni ya uongo. Mpima hakulewa. Alikuwa kwenye njia niliyompa. Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi, na sikuipuliza. Nilikuwa pangoni navuta sigara."

Kasuku akasema na hayo.

Yule mwanamke alikuwa nyuma yangu. Sikuuona uso wake. Angeniachia tu ningeanguka, na nisingeinuka tena; alijua hivyo na mimi nilijua hivyo. Hakuniachia. Nilisikia pumzi yake shingoni, ikiingia na kutoka, polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito na hataki kukiweka chini barabarani.



Kisha Kasuku, kwa sauti ya chini: "Amekaa chini, Mzee. Wote wawili wamekaa chini, penye rundo. Anasema ameokota jiwe akalirusha mbele." Akasita. "Anasema hakulisikia likitua."

Shemeji alinirudisha kitandani. Alinifunika mpaka kifuani, akaivuta shuka ikanyooka. Akachukua sufuria yake, supu ikiwa haijaguswa, akatoka bila kuaga.

Jumapili, Aprili 21

Nasikia viatu vya Kiguu ukumbini. Vinafika mlangoni kwangu, vinageuka.

Jumanne, Aprili 23

Mhifadhi mkuu amekuja mwenyewe. Nimesema yote, ameandika, nimetia saini. Yule kijana wake mwenye adabu alisimama dirishani akitazama nje. Binti yangu hashoni. Nyumba isiyo na mlio wa cherehani ni kama nyumba yenye msiba.

Alhamisi, Aprili 25

Hakuja.

Alhamisi, Mei 2

Hakuja. Mvua zinapungua. Nimekula vijiko viwili vya uji kutoka mikononi mwa binti yangu, ambaye ananilisha akitazama ukuta.

Jumamosi, Mei 4

Kiguu ameingia na ramani. Hakuketi kitandani, alivuta kiti.

"Mzee," akasema. Si Babu. "Nionyeshe uliposimama."

Nikamwonyesha.

"Na yeye?"

Nikamwonyesha. Akatia alama kwa penseli.

"Filimbi ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

Aliikunja ramani taratibu sana. "Lile rundo refu nimelibomoa. Mengine tutayabomoa wiki ijayo, halafu nitatafuta njia upya, hata ikichukua misimu mitatu. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba rundo halidanganyi." Akaibana ramani kwapani. "Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie wamchunguze aliyelipanga."

Aliinuka. Lakini alipofika mlangoni alirudi, akaukunja mto wangu upande ninaoupenda, kisha akatoka.

Jumatano, Mei 8

Kiguu amesimama mlangoni kidogo. Kasema jina la Mpima litaandikwa kwenye ubao, mchoraji ameshaitwa. "Mzee, nimeona ujue." Basi.

Pumzi leo ni fupi mno.

Alhamisi, Mei 9

Mvua imekatika. Asubuhi nilisikia mwavuli ukigonga sakafu kama fimbo, nikadhani ni ndoto za homa.

Shemeji akakaa. Akaweka sufuria mezani, akafunua mfuniko, akakoroga.

"Alisema nini?" akauliza hatimaye. "Mwisho."

"Hakusema. Alikuwa anaimba."

"Vibaya?"

"Vibaya sana."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyerudishiwa kitu akakuta ni chake kweli. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuja kila Alhamisi?"

"Nilidhani ni wema."

"Wema gani? Tangu tumzike hukuwahi kumtaja mbele yangu hata mara moja. Mwenzio wa miaka kumi! Nikasema, huyu ana kitu kimemkwama kooni, na kitatoka tu, akiwa mzima au akiwa anakufa. Nikaona nisikose siku hiyo." Akachota supu, akaipuliza. "Nimekungoja, shemeji. Nimekungoja mpaka magoti yameisha."

Machozi yalinitoka bila sauti, maana pumzi ya kulia sina tena. Nikafungua mdomo nimwombe radhi.

Akaniwahi.

"Sijakusamehe," akasema, na kijiko kikiwa tayari mbele ya midomo yangu. "Meza."